Ekzosi mpya ya gari la kale na pumzi ya mtoto

Jumamosi asubuhi, katika mitaa mingi ya Nairobi, kuna mwenye nyumba asiyeonekana mezani wakati wa chai. Kinachoonekana ni miguu yake tu, imetokeza chini ya gari lenye umri mkubwa kuliko wake mwenyewe. Kando yake amechuchumaa mtoto wa miaka saba au minane, ameshika spana, anangoja kuambiwa, "Nipe ile ya kumi na nne."

Mama akichungulia dirishani huridhika. Mtoto yuko mbali na simu na televisheni, anajifunza kazi ya mikono, na yuko na babake. Hayo nayo ni malezi.

Hata hivyo, kuna kazi moja ya gari la kale ambayo mzazi hafai kuichukulia kama kubadilisha taa au kupiga rangi. Kazi hiyo ni kubadilisha ekzosi, lile bomba linalotoa moshi kwenye injini na kuupeleka nyuma ya gari. Ikifanywa vizuri, familia itapanda gari bila wasiwasi. Ikifanywa ovyo, moshi unaofaa kubaki nje huingia ndani, na wa kwanza kuumia huwa ni mtoto.

GARI LENYEWE

Wapenzi wa magari ya kale nchini Kenya wana sababu ya kuipenda Datsun 240Z. Ni gari dogo la kasi lililotengenezwa na Nissan ya Japani, likatokea mwishoni mwa 1969 likiwa na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Mnamo 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya East African Safari Rally. Mnamo 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena. Wazee waliosimama kando ya barabara enzi hizo wakirushiwa matope bado wanakumbuka mlio wake.

Leo magari ya aina hiyo huonekana kwenye maonyesho, katika mbio za East African Safari Classic ambazo huwa za magari ya zamani, na mara chache katika ua wa mtu.

Bodi ya gari hudumu ikitunzwa, lakini ekzosi haidumu hivyo. Injini ikichoma petroli hutoa pia mvuke wa maji. Safari ikiwa fupi, bomba halipati joto la kutosha kuyakausha maji hayo, na chuma huanza kuliwa na kutu kutoka ndani. Gari linalotolewa Jumapili tu, likazungushwa kilomita tano na kurudishwa, linaweza kuoza ekzosi mapema kuliko lile linalokwenda Mombasa kila wiki.

Ikishaoza, mwenye gari huagiza vipuri kutoka nje, hasa Marekani ambako magari mengi ya aina hii yaliuzwa. Asipoagiza, humwendea fundi wa jua kali akatengenezewa bomba la kupinda na kuchomelea. Njia zote mbili zinaweza kufaa, mradi vipande viingiane bila kuacha mwanya.

GESI ISIYO NA HARUFU

Moshi wa petroli una sumu nyingi, lakini inayoua haraka ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu wala ladha. Harufu ambayo watu huisikia ni ya mafuta ambayo hayakuungua na kemikali nyingine. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "mimi sisikii moshi" na huku anaivuta gesi hiyo.

Kwenye damu, kazi ya kubeba oksijeni hufanywa na himoglobini. Kaboni monoksaidi huishika himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni kama abiria anayepanda matatu, akakalia kiti na kukataa kushuka. Gari linazunguka mjini likiwa limejaa, lakini waliofaa kubebwa wameachwa stejini. Ubongo na moyo, ambavyo havistahimili kukosa oksijeni, ndivyo hutangulia kuathirika.

Mtoto hupumua mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko mtu mzima, na mwili wake huhitaji oksijeni nyingi ukilinganisha na uzito wake. Familia ikiwa ndani ya gari moja lenye gesi hii, mtoto anaweza kulegea huku dereva akijiona yuko sawa. Mama mjamzito pia yuko hatarini, kwa sababu gesi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwenye damu ya mtoto aliye tumboni, na hukawia kutoka humo kuliko kwenye damu ya mama.

Magari ya siku hizi yana kifaa kwenye ekzosi kinachogeuza sehemu kubwa ya gesi hiyo kabla haijatoka nje. Datsun 240Z haikutoka kiwandani na kifaa hicho. Inatumia kabureta mbili, na kabureta zikimwaga petroli nyingi kuliko inavyofaa, gesi huongezeka.

Injini ya namna hiyo ikinguruma gari likiwa limesimama, asilimia 3 au 4 ya moshi wake inaweza kuwa kaboni monoksaidi. Asilimia 4 ni sawa na sehemu 40,000 katika kila milioni. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, huhesabu sehemu 1,200 katika milioni kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kwa hesabu hiyo, tundu dogo chini ya gari si la kupuuzwa.

MOSHI HUINGIAJE NDANI?

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza iko mbele. Karibu na injini kuna chuma kizito kinachokusanya moshi wa silinda zote sita, ambacho mafundi hukiita manifodi. Kikipasuka, au gasketi yake ikiungua, moshi hujaa chini ya boneti. Hewa ya kupuliza ndani ya gari huvutwa kutoka sehemu iliyo chini ya kioo cha mbele, karibu kabisa na hapo, na moshi huweza kuifuata.

Njia ya pili iko nyuma, na 240Z inajulikana sana kwa tatizo hilo. Gari likienda kasi, hewa hupasuliwa na pua yake, na nyuma hubaki nafasi yenye mvuto. Moshi unaotoka kwenye bomba huzungushwa hapo nyuma badala ya kuachwa barabarani. Mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umekauka, au gasketi za taa za nyuma zikiwa zimekatika, moshi hunyonywa ndani. Magari ya mwanzo ya aina hii yalikuwa hata na matundu ya kupitisha hewa kwenye mlango wenyewe wa nyuma, kabla matundu hayo hayajahamishiwa ubavuni.

Hapa ndipo mzazi afikirie vizuri. Datsun 240Z ina viti viwili tu. Nyuma ya viti hivyo kuna sehemu ya mizigo iliyo wazi hadi kwenye kioo cha nyuma. Watoto wote wakitaka kupanda, mdogo hupachikwa hapo. "Ni hapo dukani tu," husema baba. Mtoto huyo hana mkanda wala kiti, na amelala mahali ambapo moshi huingilia. Sehemu hiyo ya gari si ya kubebea mtoto, hata ekzosi ikiwa mpya.

KABLA YA KUFUNGUA NATI

Injini iwe imepoa kabisa. Ekzosi hukaa na moto muda mrefu baada ya gari kuzimwa, na chuma chenye moto huonekana sawa na cha baridi. Mtoto akiungua, sehemu hiyo iwekwe chini ya maji ya mfereji yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na unga havitibu. Huleta uchafu kwenye kidonda na kumpa daktari kazi ya kuviondoa.

Gari liinuliwe mahali palipo sawa na penye sakafu ngumu, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe. Jeki ni ya kuinulia tu. Kabla ya mtu kuingia chini, gari likalishwe juu ya stendi za chuma. Mawe ya kujengea hayafai, kwani hupasuka bila onyo. Mtoto asiingie chini ya gari hata kidogo, wala kufuata nati iliyobingirika.

Nati za ekzosi ya zamani hushikwa na kutu. Fundi mwenye subira huzipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, akarudia asubuhi. Mwenye haraka huvunja bolti ndani ya injini, na kazi ya siku moja ikawa ya wiki nzima. Kutu nayo huanguka machoni. Miwani ya kujikinga ivaliwe na aliye chini na pia anayemshikia tochi.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Gasketi nyingi za magari ya miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa asbesto, nyuzi zinazostahimili moto. Zikikwaruzwa kavu hutoa vumbi laini linaloingia mapafuni na kukaa humo. Asbesto husababisha saratani ya mapafu na saratani ya utando unaozunguka mapafu, na ugonjwa huo huchukua miongo kadhaa kujitokeza. Mtoto akivuta vumbi hilo leo, ana miaka mingi mbele yake ya ugonjwa huo kujitokeza.

Kwa hivyo gasketi ya zamani ilowanishwe kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, ibanduliwe polepole, na iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Isisuguliwe kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye drili, wala isipulizwe kwa hewa ya kompresa. Wakati huu mtoto asiwe karibu. Apewe kazi nyingine, ndani ya nyumba.

Masizi ya ndani ya bomba kuukuu nayo si ya kuchezewa. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha, Julai 2021. Bomba lililotumika enzi hizo linaweza kuwa na mabaki ya risasi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Huharibu ubongo unaokua.

Kinga yake si ghali. Anayefanya kazi anawe mikono na uso kabla ya kula au kumshika mtoto. Nguo za kazi zivuliwe nje, na zifuliwe peke yake.

KUFUNGA VIPANDE VIPYA

Kwenye injini ya 240Z, njia ya kuingiza hewa na petroli na njia ya kutoa moshi ziko ubavu mmoja, na hutumia gasketi moja. Anayebadilisha gasketi hiyo hulazimika kufungua kabureta na mabomba ya petroli pia. Betri itolewe waya kwanza, na pasiwe na sigara wala jiko karibu.

Uso wa chuma usafishwe, kisha ukaguliwe kwa rula iliyonyooka. Manifodi iliyopinda ipelekwe kwa fundi wa mashine akaisawazishe, maana gasketi mpya haizibi mwanya wa chuma kilichopinda. Gasketi iliyokwisha kutumika isirudishwe, hata ikionekana nzima. Nati zikazwe kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili chuma kikae sawasawa.

Kisha hufuata bomba la mbele, la katikati na sailensa. Kosa la wengi ni kukaza kila kiungo mara tu kinapofungwa. Wakifika nyuma, bomba limekaa upande na linagonga bodi. Inafaa vipande vyote viunganishwe vikiwa vimelegea, vining'inizwe kwenye mipira mipya, visogezwe mpaka vikae sawa, ndipo vikazwe kuanzia mbele kwenda nyuma. Mipira hiyo ni muhimu kwa sababu injini hutikisika, na bomba lililofungwa kwa waya mgumu haliwezi kutikisika nayo. Huishia kupasuka.

Bomba lisiguse mabomba ya petroli, ya breki, waya wa breki ya mkono, wala shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma. Ngao za kuzuia joto zilizofunguliwa zirudishwe zote.

Mwisho wa bomba utokeze nje kupita bodi ya nyuma. Wapo wanaolikata fupi ili lisionekane, au wanaofunga la gari jingine linaloishia chini ya sakafu. Kwa gari ambalo tayari hunyonya moshi kwa nyuma, huko ni kuupeleka moshi kwenye miguu ya watoto.

Ikiwa kuna kuchomelea, mtoto asisimame kutazama. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho bila mtu kuhisi, kisha usiku huanza kulia kana kwamba ametiwa mchanga machoni. Fundi naye asichomelee bomba lililopakwa zinki, kama yale ya maji. Moshi wake huleta homa na baridi kali saa chache baadaye, na wengi hukimbilia kununua dawa ya malaria.

KULIJARIBU GARI

Injini iwashwe nje, mahali penye upepo. Gereji, hata ikiwa na mlango wazi, si mahali pa kuunguruma injini. Gesi hujaa upesi, na nyumba iliyoungana na gereji huipokea kupitia mlangoni na mianya ya dari.

Gari likiwa bado baridi, fundi apake maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kisha awashe. Penye povu linalofura pana tundu. Msaidizi aliyevaa glavu nzito anaweza kuziba mwisho wa bomba kwa kitambaa kwa sekunde chache. Moshi ukikosa njia utasikika ukipiga mluzi mahali palipo wazi. Baada ya safari ya kwanza gari lipoe, nati zikazwe tena. Chuma kikipata moto na kupoa, nati hulegea.

Mpira wa mlango wa nyuma hupimwa kwa karatasi. Iweke kati ya mlango na mpira, funga, kisha uvute. Ikitoka bila kushikwa, mpira haubani. Rudia kuzunguka mlango mzima. Usiku, tochi ikiwashwa ndani ya sehemu ya mizigo huonyesha nyufa kwenye taa za nyuma, kwa mwanga unaopenya hadi nje. Mpira na gasketi za taa hubadilishwa pamoja na ekzosi, kwa sababu bomba jipya pekee halizuii moshi kuzunguka na kurudi.

Wengine hudhani kufungua madirisha kunatosha. Gari likiwa kasi, kufungua dirisha kunaweza hata kuongeza mvuto wa kuingiza moshi kwa nyuma. Kifaa cha betri cha kupima kaboni monoksaidi husaidia, hasa kinachoonyesha namba. Vingi vya nyumbani vimeundwa kulia baada ya gesi kukaa kwa muda, kwa hivyo kimya chake hakimaanishi gari ni salama.

KELELE NAZO

Wapo wanaochagua sailensa kwa mlio. Masikio ya mtoto hayana haja ya mlio huo. Kwa vipimo vya NIOSH, mfanyakazi anaweza kukaa kwenye sauti ya desibeli 85 kwa saa nane. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Ikifika desibeli 100, muda uliobaki ni dakika 15. Chembechembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Ikiwa ndani ya gari mzazi analazimika kupaza sauti ili mtoto aliye kando yake amsikie, sailensa hiyo haifai kwa safari ya familia.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kuchoka na kusinzia. Mtoto mchanga hulialia, hukataa kunyonya au hulegea. Baadaye mtu huchanganyikiwa, huzirai, na anaweza kufa usingizini.

Tatizo ni kwamba dalili hizo hufanana na za malaria, za chakula kibovu, au za mtoto ambaye "hutapika kwenye gari". Mzazi ajiulize: je, mtoto hana joto mwilini? Je, zaidi ya mtu mmoja anaumwa kichwa? Je, wanapata nafuu wakishuka, kisha hali inarudi wakipanda? Majibu yakiwa ndiyo, afikirie moshi kwanza.

Kila mtu ashuke mara moja, injini izimwe, na wote wakae penye hewa safi. Aliyezirai na hapumui apewe msaada wa kwanza na mwenye ujuzi huku gari jingine likitafutwa. Dereva aliyekuwa ndani asiendeshe, kwa kuwa naye amevuta gesi hiyo. Maziwa, ambayo wengi hukimbilia kuwapa waliovuta moshi, hayaitoi kaboni monoksaidi kwenye damu. Kinachoitoa ni oksijeni.

Ukifika hospitali, sema wazi: "Alikuwa kwenye gari lenye moshi." Maneno hayo ni muhimu kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyoshikwa na kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri huku mtoto akizidiwa. Kipimo cha damu ndicho hutoa jibu, na oksijeni ya barakoa haifai kungoja jibu hilo. Mtu akipumua hewa ya kawaida, huchukua kama saa nne au tano kwa gesi hiyo kupungua nusu kwenye damu. Akipewa oksijeni safi, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu hivi.

Mtoto aliyepona huenda akaonyesha shida siku au wiki kadhaa baadaye: kusahau, kubadilika tabia, kushindwa na masomo. Arudishwe kwa daktari, asiadhibiwe kwa uvivu.

MASWALI YA KUULIZA NYUMBANI

Familia nyingi hazina Datsun 240Z. Zina gari la kawaida lililonunuliwa kuukuu, ambalo sailensa yake imefungwa kwa waya tangu mwaka jana. Hatari ni ile ile, na ukaguzi ni ule ule: bomba zima, viungo visivyovuja, mwisho wake nje ya bodi, na mlango wa nyuma unaobana.

Mke ambaye hajui spana ya kumi na mbili na ya kumi na nne bado anaweza kumwuliza mumewe maswali matatu kabla ya watoto kupanda. Umeijaribu nje ikiwa imewashwa? Umekaza tena baada ya kupoa? Mpira wa nyuma umepimwa? Jibu moja likiwa hapana, watoto waende na matatu Jumapili hiyo. Gari limesubiri miaka hamsini, na wiki moja zaidi haitaliharibu.